Kamera kupanga madaraja ya mazao: mizani ina muhuri, jicho la mashine litahakikiwa na nani?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mkulima wa korosho anapofikisha mzigo wake katika ghala la chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), mambo mawili huamua fedha atakayopokea. La kwanza ni uzito, la pili ni daraja. Uzito husomwa kwenye mizani ambayo kwa mujibu wa sheria lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama ya uhakiki, na mkulima mwenyewe anaweza kusimama kando yake akaiona namba. Daraja hupatikana kwa njia nyingine kabisa. Karani hutia mkono katika gunia, hutazama rangi ya maganda, hutenga korosho changa, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu, husikiliza mlio wake zinapotikiswa ili ajue kama zimekauka, kisha hutoa kauli. Kauli hiyo haina muhuri.

Hapo ndipo mashine zenye kamera zinapoingia. Teknolojia ya kuichambua picha ya zao kwa kompyuta na kulipanga katika daraja lake bila mkono wa mtu imekwisha kuenea katika viwanda vya nchi nyingi, na hapa nchini baadhi ya wasindikaji wanaitumia. Wapo wanaoiona kuwa ndiyo dawa ya manung'uniko ya kila msimu kuhusu madaraja, kwa hoja kwamba mashine haina ndugu wala haichoki. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, mashine inayotamka daraja ni chombo cha kupimia, sawa na mizani, na inapaswa kuwekewa utaratibu wa uhakiki kabla haijaenea katika vituo vya kununulia mazao.

Uzito wa suala hili umeongezeka kutokana na mabadiliko ya mfumo wa masoko. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na korosho ikaanza kuuzwa kwa mfumo huo katika msimu wa 2007/2008. Katika miaka ya karibuni minada ya korosho imehamia katika mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), ambako mnunuzi anaweza kuweka bei akiwa mbali na ghala. Mnunuzi huyo hajaigusa korosho. Anachonunua ni maelezo: tani kadhaa, za ghala fulani, zenye ubora uliotajwa. Maelezo ya ubora yakiwa na mashaka, yeye hupunguza bei ili kujikinga, na punguzo hilo humfikia hata mkulima aliyeanika korosho zake vizuri na kuzichambua. Kwa hiyo anayeumizwa na daraja lisiloaminika ni yule aliyetimiza wajibu wake.

Tuitazame mashine yenyewe. Katika aina iliyozoeleka zaidi, punje hushuka kwenye mteremko mwembamba huku zikimulikwa na taa zenye mwanga usiobadilika. Kamera huzipiga picha zikiwa bado zinaanguka, kompyuta huamua, na pua ndogo za hewa yenye msukumo mkubwa huipuliza punje iliyokataliwa itoke katika mkondo kabla haijafika chini. Yote hayo hutendeka katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Wazo lenyewe si geni. Mashine za kuchambua mbegu na kunde kwa rangi zilianza kutengenezwa London mwishoni mwa miaka ya 1940, na viwanda vya kukoboa kahawa na vinu vya kisasa vya mpunga vimekuwa vikizitumia kwa muda mrefu kuondoa punje nyeusi, zilizobadilika rangi, pamoja na mawe.

Kahawa inatuonesha vizuri mipaka ya kazi hiyo. Daraja la AA hutokana na ukubwa wa punje: ni ile inayobaki juu ya chekeche namba 18, yenye matundu ya 18/64 ya inchi, yaani takriban milimita 7. Chekeche halina ubishi. Punje ama imepita ama imebaki. Kamera hufuata baadaye kutoa punje zenye kasoro za rangi. Lakini hata baada ya chekeche na kamera, kahawa bado hupelekwa kwa waonjaji, kwa sababu ladha ya kikombe haionekani kwenye ngozi ya punje. Sekta ya kahawa iliipa kila njia kazi yake, na haikuiomba kamera ionje.

Kilichobadilika katika muongo mmoja na nusu uliopita ni namna mashine inavyoamua. Ile ya zamani iliwekewa mpaka na fundi: rangi iliyo chini ya kiwango hiki, tupa. Ya sasa, inayotumia akili unde, hufundishwa kwa mifano. Huoneshwa maelfu ya picha ambazo binadamu amekwisha kuzipanga, nayo hujitafutia alama za kutofautisha daraja moja na jingine. Uwezo wake umeongezeka sana, ila kuna jambo limefichika. Mpaka uliowekwa na fundi unaweza kuusoma. Mpaka ambao mashine imejitafutia yenyewe ni vigumu hata kwa mtengenezaji kuueleza kwa maneno.

Kipo kisa kimoja cha wazi kinachostahili kusomwa na kila anayepanga kununua mashine ya aina hii. Mwaka 2016 kampuni ya Google ilichapisha habari za Makoto Koike, mhandisi wa Japani aliyekuwa ameacha kazi katika sekta ya magari na kurudi kuwasaidia wazazi wake katika shamba la matango. Shambani hapo matango yalipangwa katika madaraja 9, kwa kutazama urefu, unyoofu, rangi, mikwaruzo na miiba yake, na kazi hiyo ilifanywa na mama yake, ambaye msimu ulipopamba moto aliitumia hadi saa 8 kwa siku. Koike alitumia muda wa miezi 3 kupiga picha 7,000 za matango ambayo mama yake alikuwa ameyapanga, akaifundisha kompyuta kwa picha hizo, kisha akaunda mtambo mdogo wenye mkanda wa kusafirishia na kamera.

Matokeo yake yanafaa kutafakariwa. Programu ilipojaribiwa kwa picha za majaribio, usahihi wake ulizidi asilimia 95. Ilipopelekwa kwenye kazi halisi, ukashuka hadi takriban asilimia 70. Koike mwenyewe alihisi kwamba mifano aliyoifundishia ilikuwa michache. Tena picha zilipunguzwa ukubwa sana ili kompyuta yake iweze kuzimudu, hivyo umbo la tango lilionekana vizuri, lakini mikwaruzo midogo ikapotea.

Namba hizo mbili, 95 na 70, zilitoka katika programu ileile, ya mtu yuleyule, kwa zao lilelile. Muuzaji wa mashine atakapokuja na kitabu chake cha maelezo ataonesha ile ya kwanza. Chama cha ushirika kitaishi na ile ya pili. Na kuna jambo jingine katika kisa hicho: mashine ya Koike haikujua tango bora ni lipi. Ilijua tango ambalo mama yake angeliita bora. Kwa familia moja hilo halina tatizo. Kwa soko la taifa, ni lazima ijulikane mapema kwamba jicho lililoifundisha mashine lilikuwa la nani: la mnunuzi, la mtengenezaji aliyeko nchi nyingine, au la wataalamu waliofuata kiwango kilichotangazwa hadharani.

Turudi kwenye korosho, kwa kuwa zao hili lina sura mbili, na kamera haifai kwa zote mbili kwa kiasi kimoja.

Thamani ya korosho ghafi imo ndani ya ganda. Ndiyo maana kipimo kikuu cha biashara hiyo hakipatikani kwa kutazama, bali kwa kukata. Mtaalamu huchukua sampuli ya mzigo, huzipasua korosho moja moja, hutenga karanga nzima zilizo nzuri na zilizoharibika, hupima uzito, kisha hukokotoa ni ratili ngapi za karanga zinazofaa zitapatikana katika gunia la kilo 80. Mzigo wa ratili 50 na mzigo wa ratili 44 unaweza kufanana kabisa kwa nje. Kamera inaweza kuhesabu korosho, ikapima ukubwa, ikatenga mawe, maganda yaliyopasuka na korosho changa. Hiyo ni kazi yenye manufaa, na ingeweza kufupisha foleni ghalani. Lakini anayedai kwamba kamera ya kawaida inaweza kutoa daraja kamili la korosho ghafi bila kisu anauza kitu ambacho picha ya ganda haina.

Sura ya pili ni korosho karanga, yaani iliyobanguliwa. Humo kamera iko nyumbani. Madaraja yake ya kimataifa hutegemea mambo yanayoonekana: je, karanga ni nzima au imevunjika, ni nyeupe au imeungua, na ukubwa wake ukoje. Daraja la W320, linalouzwa sana duniani, maana yake ni karanga nzima nyeupe zisizozidi 320 katika ratili moja; W240 ni kubwa zaidi, na W180 ni kubwa kuliko hizo. Viwanda vya India na Vietnam, nchi ambazo ndizo wanunuzi wakuu wa korosho ghafi yetu, vinatumia mashine za kamera kwa kazi hii. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania bado inasafirishwa ikiwa ghafi, na Serikali imekwisha kueleza nia yake ya kuona inabanguliwa nchini. Kwa hiyo yapo matarajio makubwa kwamba kamera itaingia katika zao hili kupitia lango la kiwanda kabla ya kufika kwenye ghala la kijiji. Mpangilio huo ni mzuri, kwa sababu unatoa muda wa kujifunza mahali ambapo kosa la mashine halimpunguzii mkulima malipo yake moja kwa moja.

Upo upande mwingine wa jambo hili unaogusa afya, na hapa tahadhari inahitajika zaidi. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, hasa mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Baadhi ya mashine za kuchambua hutumia mwanga wa urujuanimno, ambao huzifanya baadhi ya punje zilizoshambuliwa zing'ae kwa rangi ya kijani iliyochanganyika na njano. Kuondoa punje hizo, pamoja na zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kunaweza kupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, mng'ao huo hautokani na sumu yenyewe bali na kitu kingine kinachohusiana na ukungu, na punje isiyong'aa inaweza kuwa na sumu. Kwa sababu hiyo, mzigo uliopita kwenye kamera haujapimwa sumukuvu. Umechambuliwa tu. Mfanyabiashara atakayebandika picha ya mashine yake kwenye mfuko wa unga badala ya kupeleka sampuli maabara atakuwa anampotosha mlaji.

Sasa suala la uhakiki. Chukulia, kwa mfano tu, AMCOS inayokusanya tani 1,000 katika msimu, na tofauti ya bei kati ya daraja la kwanza na la pili iwe shilingi 500 kwa kilo. Mashine yenye usahihi wa asilimia 95 itakosea katika tani 50. Kama makosa yanagawanyika sawasawa, nusu yakipandisha daraja na nusu yakilishusha, hesabu ya chama itasawazika, ingawa mkulima mmojammoja ataumia au atanufaika bila kustahili. Lakini kama makosa yote yanaelemea upande wa kushusha, wanachama watapoteza shilingi milioni 25 kwa mashine ambayo kwenye karatasi inaonekana kuwa sahihi kwa kiwango cha juu. Kwa hiyo haitoshi kuuliza mashine inakosea kwa asilimia ngapi. Inabidi kuuliza inakosea kuelekea wapi.

Nchi hii ina uzoefu unaofanana na huo. Lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba ili libebe zaidi ya kipimo, halikuharibu mizani hata moja; liliikwepa. Ndiyo maana mapambano dhidi yake hayakuishia kwenye kukagua mizani, yakalazimika kuligusa gunia lenyewe na kuweka ukomo wa kilo 100. Mashine ya kamera nayo inaweza kukwepwa au kupindishwa bila kuharibika. Mwendeshaji anaweza kukaza kigezo kwa kugusa kioo, mara mzigo unapokuwa mwingi na ghala limejaa, kisha akakilegeza wiki inayofuata. Vumbi kwenye lenzi, taa iliyofifia au umeme unaopungua nguvu unaweza kuleta matokeo yaleyale bila mtu kukusudia.

Taasisi zinazohitajika zipo. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina wajibu wa viwango, Wakala wa Vipimo una utamaduni na watumishi wa ukaguzi hadi vijijini, na bodi za mazao zinayajua mazao yenyewe. Kwa maoni ya mwandishi, kinachotakiwa ni kuziunganisha kazi hizo katika utaratibu mmoja ulio rahisi kueleweka ghalani: sampuli rejea iliyofungwa kwa lakiri, yenye idadi inayojulikana ya korosho za kila daraja, ipitishwe kwenye mashine kila asubuhi mbele ya mwakilishi wa wakulima na mwendeshaji wa ghala. Mashine ikitofautiana na sampuli hiyo kupita kiasi kilichowekwa, ununuzi usianze. Aidha, kila badiliko la kigezo liandikwe na mashine yenyewe, likiwa na saa na jina la aliyelifanya, na kumbukumbu hiyo iwe wazi kwa mkaguzi.

Mahali pa kuiweka mashine nako ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Ikiwekwa mwishoni mwa safari, yaani ghala kuu au kiwandani, mkulima anapata habari ya kukataliwa kwa mzigo wake akiwa mbali, korosho zikiwa zimekwisha kuchanganywa na za wenzake, na hana tena nafasi ya kurekebisha. Ikiwa kwenye chama cha msingi, kabla ya kupima uzito, anaweza kurudi na korosho zake zenye unyevu akazianike tena, au akazichambua upya. Mashine ileile katika mahali pamoja ni hukumu, katika mahali pengine ni ushauri. Kwa vyama vingi gharama na umeme bado ni vikwazo vya kuwa na mtambo mkubwa, lakini kamera ya simu juu ya sinia la sampuli inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo.

Uwezekano wa kufanya hivyo kwa picha za hapa nyumbani si ndoto. Programu ya simu ya Nuru, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), hutambua magonjwa ya muhogo kwa kamera, huzungumza Kiswahili na hufanya kazi bila intaneti. Sehemu ya picha zilizotumika katika utafiti ulioitangulia zilipigwa katika mashamba ya muhogo ya Pwani ya Tanzania. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, Mtwara, kina miongo kadhaa ya kazi ya korosho. Hazina ya picha za korosho zilizopangwa na wataalamu wake, kwa kiwango kilichotangazwa, ingewapa wanunuzi wa mashine kitu cha kumpimia muuzaji badala ya kuamini namba zake.

Limebaki suala la ajira, ambalo mara nyingi hutajwa kwa haraka na kuachwa. Katika viwanda vya kubangua, kazi ya kumenya ngozi laini na kupanga karanga hufanywa zaidi na wanawake. Mashine ya kamera itapunguza mahitaji ya mikono kwenye meza ya kupanga, na si haki kuwaambia vinginevyo. Kiwanda kisichoimudu bei ya washindani wake wa Asia nacho hufungwa, na meza zote hutoweka kwa pamoja. Ndiyo sababu kuikataa mashine hakuwezi kuwa jibu. Lakini wanawake hao wana kitu ambacho mashine haiwezi kuanza kazi bila hicho, nacho ni jicho linalotambua karanga iliyoungua kidogo na iliyoungua sana, au nyeupe na ile iliyoanza kugeuka. Koike alihitaji miezi 3 ya kazi ya mama yake. Kiwanda cha Mtwara au Lindi kitahitaji misimu ya kazi ya wapangaji wake, wakiifundisha mashine na kisha kuisahihisha kila inapokosea, na nafasi hizo pamoja na malipo yake zinaweza kuandikwa katika mkataba wa ununuzi wa mashine tangu siku ya kwanza.